Saratani ya Utumbo Mpana Inapofika Kwenye Wengu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina mbili. Kuna mgonjwa aliyeshika majibu ya picha mkononi na kukuta humo neno "wengu" kwa mara ya kwanza tangu augue. Na kuna ndugu anayeuliza kwa siri, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajaambiwa bado. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wote wawili. Hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu: picha zako anazo yeye, sisi hatujaziona.

Wengu ni nini, na uko wapi?

Ni kiungo laini, chekundu cha kuelekea zambarau, kilichojificha juu upande wa kushoto wa tumbo, nyuma ya tumbo la chakula, kikikingwa na mbavu ya 9 hadi ya 11. Wengine huuita bandama. Kwa mtu mzima una uzito wa kama gramu 150 na ukubwa wa ngumi. Ukiwa mzima hushikiki. Daktari akiugusa kwa vidole chini ya mbavu, kwa kawaida ni kwamba umevimba.

Unafanya kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchuja damu na kuondoa chembe nyekundu zilizozeeka. Ya pili ni ulinzi: hunasa bakteria walio ndani ya damu, hasa wale wenye gamba la utelezi ambao walinzi wengine wa mwili hushindwa kuwashika vizuri. Hiyo kazi ya pili iweke akilini, tutaihitaji tukifika kwenye maisha baada ya upasuaji.

Kusambaa huku ni nadra kiasi gani?

Saratani ya utumbo mpana na puru ina njia zake zinazojulikana. Ikitoka pale ilipoanzia, kwanza huelekea ini, kisha mapafu, na mara nyingi tezi za limfu na utando wa ndani ya tumbo. Wengu haumo kwenye orodha ya kawaida. Uchunguzi wa maiti za watu waliokufa kwa saratani umekuwa ukionyesha asilimia chache tu zenye saratani kwenye wengu, na wengi wa hao ugonjwa ulikuwa umeshaenea kila mahali.

Hali ya wengu peke yake, ini likiwa safi na mapafu safi, ndiyo nadra hasa. Mwaka 1969 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani waliandika habari za mgonjwa mmoja wa saratani ya puru aliyekutwa na uvimbe mmoja tu kwenye wengu. Tangu hapo taarifa zimeendelea kutoka kwa mtindo huohuo, mgonjwa mmoja hapa, wawili kule.

Hilo lina athari kwako wewe mgonjwa. Hakuna utafiti mkubwa uliowagawa wagonjwa wa namna hii makundi mawili na kulinganisha tiba. Daktari wako akisema "tutafanya kama tunavyofanya kwa uvimbe mmoja wa ini", habahatishi wala hakuzembea kusoma. Huo ndio ujuzi uliopo, na ni ujuzi mzuri.

Kwa nini saratani haishiki kwenye wengu kirahisi? Si kiungo kinachopitiwa na damu nyingi?

Ni kweli, na ndiyo sababu swali hili limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Karibu asilimia 5 ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye wengu. Kwa hesabu ya haraka ungetegemea chembe za saratani zijazane humo. Hazijazani, na maelezo yanayotolewa ni kadhaa.

Kwanza, njia yenyewe. Ateri ya wengu huchepuka kwa pembe kali kutoka kwenye shina lake, halafu hujipindapinda kama nyoka hadi kufika. Inadhaniwa kwamba vipande vya chembe za saratani vinavyoelea kwenye damu huteleza mbele badala ya kukata kona.

Pili, limfu. Viungo vingi vina mishipa ya limfu inayoingia na inayotoka. Wengu hauna inayoingia ndani ya nyama yake. Mlango ambao saratani ya utumbo huupenda sana haupo kabisa.

Tatu, wengu umejaa askari. Ndani yake mna tishu nyingi ya limfu, na chembe ngeni inayotua hapo imetua kambini. Wapo pia wanaosema kusinyaa na kutanuka kwa wengu hukamua damu nje kabla chembe ya saratani haijapata pa kujishikiza.

Mimi naona sababu ya nne, ingawa haina ajabu yoyote, ndiyo inayoelezea mengi kwa saratani hii: mwelekeo wa mkondo. Damu ya vena inayotoka utumbo mpana haipiti kwenye wengu. Inakwenda kwenye ini. Utumbo na wengu ni kama nyumba mbili zinazomwaga maji kwenye mtaro mmoja unaoteremka kuelekea kwenye ini. Uchafu wa nyumba moja hauingii nyumba ya pili, unateremka. Ndiyo maana ini ndilo linaloumia kwanza.

Basi ikifika, imepita wapi?

Kuna njia tatu, na kuzitofautisha kuna maana kwa matibabu.

Moja ni kwa damu ya ateri. Chembe imepenya ini, ikapita mapafu, ikarudi kwenye moyo na kusukumwa mwilini kote, na mojawapo ikatua kwenye wengu. Inawezekana pia mkondo wa mtaro ule ukarudi nyuma. Vena inayobeba damu ya upande wa kushoto wa utumbo mpana, kwa watu wengi, huungana na vena ya wengu. Shinikizo likipanda mbele, damu inaweza kurudi juu. Hii ni moja ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini wengi wa wagonjwa walioripotiwa saratani yao ilianzia upande wa kushoto.

Ya pili ni ujirani. Utumbo mpana una kona kali juu kushoto, chini kabisa ya wengu. Uvimbe ulioanzia kwenye kona hiyo unaweza kukua hadi kuushika wengu wenyewe. Huko si kusambaa kwa mbali, ni kuvuka ukuta, na daktari wa upasuaji anaweza kuvitoa vyote viwili kwa mara moja.

Ya tatu ni utando wa tumbo. Chembe zilizomwagika ndani ya tumbo hukaa juu ya ganda la wengu, nje, bila kuingia ndani. Kwenye picha zinaweza kufanana na uvimbe wa ndani, lakini maana yake ni nyingine kabisa: hapo ugonjwa ni wa utando mzima wa tumbo, na kuondoa wengu peke yake hakutatosha.

Kwa hiyo ukisoma "saratani kwenye wengu" kwenye karatasi yako, swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: ndani ya nyama ya wengu, au juu ya ganda lake?

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hakuna. Zikiwepo ni maumivu au uzito juu kushoto, kushiba haraka kwa kuwa tumbo la chakula limebanwa, uchovu, kupungua uzito. Mara chache sana wengu wenye uvimbe hupasuka na kuvujisha damu. Ukipata maumivu makali ya ghafla upande huo, yakapanda mpaka begani kushoto, huku unasikia kizunguzungu na jasho baridi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sina dalili yoyote. Wameonaje?

Kwa kukufuatilia. Baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo, mgonjwa hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho CEA, protini ambayo mara nyingi hupanda saratani hii ikiwepo, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5, pamoja na picha za CT za mara kwa mara.

Tuseme miaka miwili baada ya upasuaji CEA yako ni 2, miezi mitatu baadaye ni 5, baadaye tena 11. Unakula vizuri, unalala vizuri, na kikomo cha kawaida ni kama nanogramu 5 kwa mililita. Namba moja iliyopanda haisemi kitu. Uvutaji sigara na maradhi ya ini pia huipandisha. Lakini namba tatu zinazopanda ngazi kwa ngazi humfanya daktari aagize picha. Na kwenye picha, katika wengu ambao mwaka jana ulikuwa sawasawa kote, kuna doa la sentimita 3 lililofifia kuliko nyama inayolizunguka.

Wengi wa wagonjwa walioripotiwa waligunduliwa kwa njia hiyo, miezi au miaka baada ya kudhani wamemaliza. Najua inavyouma kuambiwa habari hiyo ukiwa unajisikia mzima. Lakini kukutwa ungali mzima ndiko kunakoacha nafasi ya kufanya jambo.

Je, doa kwenye wengu lazima liwe saratani iliyosambaa?

Hapana, na hapa naomba usisome haraka.

Wengu huwa na madoa ya kila namna. Kuna vifuko vya maji, ambavyo vinaweza kukaa maisha yote bila kumsumbua mtu. Kuna hemangioma, fundo la mishipa ya damu lisilo saratani. Kuna sehemu iliyokufa kwa kukosa damu, ambayo mara nyingi huonekana kama kabari yenye ncha kuelekea katikati. Kuna jipu. Kuna kifua kikuu, ambacho kinaweza kuacha vidoa vingi vidogo. Kuna limfoma, ambayo ni saratani nyingine yenye tiba nyingine. Kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, macho ya kila mtu hukimbilia kusambaa, na hayo ni makosa rahisi kufanya.

Kinachosaidia kutofautisha ni muda. Itafutwe picha ya zamani, hata kama ilipigwa kwa sababu nyingine na hospitali nyingine. Doa lililokuwepo miaka mitatu iliyopita kwa ukubwa uleule halitishi. Doa jipya, linalokua, sambamba na CEA inayopanda, linatisha. Ukiwa na CD au karatasi za zamani nyumbani, zibebe zote. Mara nyingi bahasha iliyosahaulika kabatini humaliza ubishi ambao mashine ya bei kubwa imeshindwa kuumaliza.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wagonjwa: wengu *kuvimba wote* wakati wa tiba ya kemikali. Dawa ya oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani hii, inaweza kuumiza mishipa midogo ndani ya ini. Damu ikipita kwa shida kwenye ini, shinikizo hurudi nyuma na wengu hutanuka, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hushuka. Ukisoma "wengu umeongezeka ukubwa" bila kutajwa uvimbe, uwezekano mkubwa ni huo, si saratani. Muulize daktari wako kabla ya kuwapigia simu ndugu.

Picha ya PET husaidia pia, kwa sababu huonyesha sehemu zinazokula sukari kwa kasi. Nayo ina mtego wake: wengu mzima unaweza kuwaka baada ya maambukizi au baada ya sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu. Kinachotiliwa shaka ni nukta moja inayowaka peke yake.

Kwa nini wasichukue kinyama wakapime kwanza?

Wakati mwingine huchukua. Madaktari wamekuwa na woga wa kuchoma sindano kwenye wengu kwa sababu unavuja damu kirahisi na ganda lake ni jembamba. Takwimu zilizokusanywa zinaonyesha matatizo makubwa hutokea kwa kama watu 2 kati ya 100, na hupungua sindano ikiwa nyembamba. Si hatari ndogo ya kupuuza, wala si kubwa kama inavyosimuliwa.

Ila pima faida. Ikiwa doa ni moja, ni jipya, linakua, CEA imepanda na mwili mwingine ni safi, jibu la sindano halitabadilisha mpango: wengu utatolewa, na maabara itaukagua wote. Ikiwa kuna shaka ya limfoma au kifua kikuu, ambavyo havitibiwi kwa kisu, sindano ina thamani yake. Swali zuri kwa daktari ni: "Majibu ya kinyama yakija hivi au vile, utafanya nini tofauti?"

Hii ni hatua ya nne?

Ikiwa imefika wengu kwa njia ya damu, ndiyo. Ikiwa kiungo hicho ni kimoja tu na utando wa tumbo ni safi, huandikwa M1a, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ndani ya hatua ya nne. Uvimbe wa kona ya utumbo uliovuka tu ukuta hadi kwenye wengu hauhesabiwi hivyo. Huandikwa T4b, na unaweza kuwa hatua ya pili au ya tatu.

Watu husikia "hatua ya nne" kama hukumu. Kwa saratani hii si hivyo kila mara. Wapo walioondolewa uvimbe wa ini na bado wako hai miaka mingi baadaye. Kinachoamua ni kama ugonjwa wote unaoonekana unaweza kuondolewa, na kama hautarudi upesi.

Inatibiwaje?

Wengu ukiwa ndio pekee wenye ugonjwa na mgonjwa ana nguvu za kupasuliwa, huondolewa. Wote, si kipande. Kabla ya hapo timu itachunguza mapafu, ini na tumbo lote, na itarudia kuchungulia utumbo kwa kamera kama muda umepita, kwa sababu haifai kumwondolea mtu kiungo huku ugonjwa umejificha kwingine.

Ugonjwa ukiwa umeenea sehemu nyingi, tiba ya kemikali ndiyo inayotangulia, na wengu huachwa ulipo. Dawa ni zilezile za saratani ya utumbo iliyosambaa: fluorourasili pamoja na oksaliplatini, mpango unaoitwa FOLFOX, au pamoja na irinotekani, unaoitwa FOLFIRI. Juu ya hizo huongezwa dawa lengwa kulingana na vipimo vya jeni za uvimbe, yaani RAS, BRAF na kile kinachoitwa MSI, alama kwamba uvimbe umeshindwa kurekebisha makosa ya jeni zake. Uvimbe wenye MSI ya juu unaweza kuitikia vizuri sana dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumabu. Kama uvimbe wako haujapimwa jeni hizi, uliza kwa nini.

Kwa asiyeweza kupasuliwa, mionzi iliyolengwa kwa usahihi imetumika kwa wagonjwa wachache.

Tiba ya kemikali iwe kabla au baada ya upasuaji?

Hapa madaktari wanatofautiana, nami sitajifanya mwamuzi. Wanaoanza na dawa hutaka kuona tabia ya ugonjwa: ukitokea mwingine ndani ya miezi miwili au mitatu, mgonjwa ameepushwa na upasuaji usio na faida. Wanaoanza na kisu hutaka kuondoa kilichopo kabla hakijaongezeka. Kama saratani ilirudi haraka baada ya tiba ya kwanza, mimi nina mwelekeo wa upande wa wanaosubiri. Kama imepita miaka mitatu na doa ni moja, hoja ya kisu ina uzito.

Jambo moja la kiufundi: ukitumia bevasizumabu, mojawapo ya dawa lengwa, mkumbushe daktari wa upasuaji. Huchelewesha vidonda kupona, na kwa kawaida husimamishwa kama wiki 6 kabla ya upasuaji mkubwa.

Upasuaji wenyewe ukoje?

Unafanyika kwa matundu madogo na kamera, au kwa kufungua tumbo. Kazi ngumu iko kwenye shina la wengu, pale ateri na vena zinapoingia, kwa sababu mkia wa kongosho umelala hapohapo, wakati mwingine ukigusa kabisa. Ukijeruhiwa, maji ya kongosho huvuja. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hurudi wodini na mrija tumboni.

Baada ya hapo utaombwa kuvuta pumzi ndefu mara nyingi kwa siku, hata kama inauma. Usione ni usumbufu. Chini ya pafu la kushoto ndipo hewa inapopungua baada ya upasuaji huu, na nimonia huanzia hapo. Chembe sahani pia hupanda sana kwa wiki kadhaa kwa kuwa mchujaji wao ameondoka, na damu inaweza kuganda kwenye vena inayokwenda ini. Maumivu mapya ya tumbo au homa katika wiki hizo yaelezwe, yasivumiliwe.

CEA ilikuwa juu? Ipimwe tena wiki 4 hadi 6 baadaye. Ikishuka hadi kawaida, ni dalili nzuri kwamba kilichokuwa kinaizalisha kimetoka. Isiposhuka, itafutwe sababu.

Nitahitaji chanjo gani?

Chanjo dhidi ya bakteria watatu wenye gamba tuliowataja mwanzoni: wa nimonia, yaani pneumokoka, wa homa ya uti wa mgongo, yaani meningokoka, na Hib, yaani Haemophilus influenzae aina ya b. Ongeza ya mafua kila mwaka. Wakati mzuri ni angalau siku 14 kabla ya upasuaji, ili mwili utengeneze kingamwili wengu ungalipo. Ikishindikana, siku 14 baada yake. Baadhi hurudiwa baada ya miaka kadhaa.

Tiba ya kemikali hudhoofisha mwitikio wa chanjo, na chanjo zenye vijidudu hai haziruhusiwi wakati huo. Kwa hiyo ratiba ya chanjo na ya kemo zipangwe pamoja. Nimeona mara nyingi jambo hili likianguka katikati: daktari wa saratani anadhani wa upasuaji ameshalifanya, wa upasuaji anadhani vivyo hivyo. Mgonjwa mwenyewe aulize kabla ya kupangiwa tarehe, na karatasi ya chanjo aitunze.

Kwa nini kila mtu ananitisha kuhusu homa?

Kwa sababu kwa mtu asiye na wengu, homa si ya kusubiri hadi asubuhi. Bakteria ambao wengu ungewanasa wanaweza kuzaana kwenye damu kwa kasi kubwa. Huanza kama mafua: baridi, kutetemeka, mwili kuuma, labda kutapika. Ndani ya saa chache shinikizo la damu linaanguka. Hata kwa matibabu, maambukizi haya yakishakomaa yanaweza kuua hadi nusu ya wanaoyapata. Hayatokei mara nyingi, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo, lakini haimaliziki kabisa maisha yote.

Kinachofanyika ni hiki. Madaktari wengi humpa mgonjwa vidonge vya antibayotiki akae navyo nyumbani, ameze dozi ya kwanza homa inapoanza, kisha aelekee hospitali bila kungoja kuona kama vinasaidia. Wengine huagiza penisilini ya kila siku kwa muda fulani. Mlangoni mwa hospitali sentensi ya kwanza isiwe "nina homa", iwe "sina wengu na nina homa". Beba kadi mfukoni inayosema hivyo, kwa ajili ya siku ambayo hutaweza kuongea.

Anayeishi au kusafiri penye malaria anahitaji kinga ya uhakika zaidi kuliko wengine, kwa kuwa wengu ndio unaosafisha chembe zenye vimelea. Na ukiumwa na mbwa, hata mkwaruzo wa meno tu, nenda ukapewe dawa siku hiyo. Mate ya mbwa yana bakteria ambaye kwa mtu asiye na wengu huwa hatari.

Baba yangu ataishi muda gani?

Namba moja ya kuaminika haipo, kwa sababu wagonjwa ni wachache na wanaoandikwa kwenye majarida mara nyingi ni wale waliofanikiwa. Zipo taarifa za watu walioishi miaka kadhaa bila ugonjwa kurudi, na zipo za waliotokewa na uvimbe wa ini miezi michache baada ya upasuaji.

Yanayompa nafasi bora ni haya: muda mrefu kati ya saratani ya kwanza na hii, doa moja tu, CEA iliyoshuka baada ya upasuaji, mwili wenye nguvu. Mwambie daktari akuonyeshe baba yako yuko wapi katika kila moja. Na baba mwenyewe, kama ni mtu mzima mwenye akili timamu, ana haki ya kuwa chumbani jibu hilo linapotolewa.

Kuna chakula au dawa ya kusafisha wengu?

Hakuna. Wakati wa kemo mwambie daktari kila kitu unachokunywa, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugongana na dawa.

Watoto wake wapimwe?

Wapimwe utumbo, si wengu. Kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, ushauri wa kawaida ni kuchunguliwa utumbo kwa kamera kuanzia umri wa miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kinachotangulia. Ikiwa uvimbe una MSI ya juu, au ndugu kadhaa wameugua wakiwa vijana, familia ipelekwe kwa mtaalamu wa jeni.

Niliondolewa wengu, na sasa picha mpya inaonyesha kitu cha mviringo palepale. Saratani imerudi?

Inawezekana, lakini kuna jibu lingine. Kama mtu 1 kati ya 10 huzaliwa na wengu mdogo wa ziada, mara nyingi wa sentimita 1 au 2, karibu na ule mkubwa au pembeni mwa mkia wa kongosho. Ule mkubwa ukiondoka, huu mdogo unaweza kukua. Vilevile vipande vya wengu vilivyodondoka wakati wa upasuaji huweza kujishikiza na kuota. Kuna picha maalumu ambapo chembe nyekundu zako mwenyewe hupashwa moto, zikawekewa alama ya mionzi hafifu, kisha zikarudishwa mwilini; tishu ya wengu huzinasa na kuonekana, saratani haizinasi. Ikithibitika ni wengu mdogo, huachwa ulipo. Chanjo, kadi na tahadhari ya homa vinaendelea vilevile, kwa sababu mdogo huyo hatoshi kufanya ulinzi wa mkubwa.